Kaa, Mkaa na Kaboni: Historia ya Jina na Maana Zake

Neno kaboni limekwisha kuenea katika Kiswahili hata laonekana kana kwamba halina historia. Karani hulitumia kwa karatasi nyeusi anayoiweka baina ya kurasa mbili za kitabu cha stakabadhi. Mwanafunzi hulisoma katika somo la kemia kuwa ni jina la elementi. Mwanakijiji hulisikia katika mkutano wa hadhara, akiambiwa kwamba msitu wa kijiji chake una kaboni iwezayo kuuzwa. Watu hawa watatu hutamka neno moja, lakini hawasemi jambo moja. Na yamkini hakuna hata mmoja wao akumbukaye, anapolitamka, mkaa uwakao jikoni kwake. Hata hivyo asili ya neno hilo ni mkaa wenyewe.

Katika Kiswahili cha leo yako majina mawili yanayoshindania mahali pamoja. La kwanza ni kaboni, lililotoka ng'ambo. La pili ni ukaa, lililojengwa juu ya neno la kale la Kibantu. Wako wapendao la kwanza kwa kuwa ni la kimataifa, na wako wapendao la pili kwa kuwa ni la nyumbani. Lakini kabla ya kuamua ni lipi litumike na wapi litumike, haina budi kujua kila moja lilivyozaliwa na lilipewa kazi gani. Maana majina haya yameacha kuwa ya wataalamu peke yao. Yameingia katika mikataba ya vijiji na katika habari za vifo, na pale kosa la maana huweza kuwa hasara ya mali au ya roho.

Neno kaa, kwa wingi makaa, ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyarithi pamoja na ndugu zake wa Kibantu. Wakikuyu husema makara. Wanyarwanda na Warundi husema amakara. Wanyanja, wasemao Kilingala na wasemao Kikongo husema makala, na ndivyo wasemavyo hata Waswahili wa Lubumbashi. Watswana, walio mbali kabisa kusini, husema magala. Mtu akiyaweka maneno haya pamoja ataona kwamba mzizi ni mmoja, na kwamba Kiswahili cha pwani ndicho kilichopoteza konsonanti iliyokuwa katikati. Upotevu huo si wa neno hili tu. Asemalo Mnyanja njala, Mswahili husema njaa. Kuvala huwa kuvaa. Kukhala huwa kukaa. Na kwa kanuni iyo hiyo makala huwa makaa. Kwa sababu hiyo Kiswahili kimejikuta na maneno kadha yenye umbo la kaa, yaani kitendo cha kuketi au kuishi, mnyama wa pwani mwenye magando, na kipande cha kuni kilichoungua. Kufanana kwa maneno haya kumetokana na mabadiliko ya sauti, wala si ushahidi wa udugu wa maana.

Katika matumizi ya kila siku, wenye lugha wamegawanya kazi baina ya maumbo ya neno hili kwa uangalifu. Kaa ni kipande kimoja, na kwa kawaida hutajwa likiwa linawaka: kaa la moto. Ndilo liwekwalo katika chetezo ili udi na ubani vifukizwe, na ndilo jirani alilokuwa akiliomba kwa jirani mwenzake asubuhi apate kuwashia moto wake. Makaa ni wingi wake, nayo huweza kuwa ya moto au yaliyozimika. Mkaa ni kitu chenyewe kwa jumla, bila kuhesabu vipande: hupimwa kwa gunia, kwa debe au kwa kopo. Hapa pana tofauti ya mahali pia. Mtu wa Dar es Salaam akienda kununua cha kupikia husema anakwenda kununua mkaa, lakini mtu wa Mombasa au Nairobi husema makaa, na wote wawili hurudi na kitu kilekile. Mkaa huo ulitiwa katika seredani za nyumba za pwani na katika pasi nzito za mafundi cherehani, nao hutiwa hata leo katika majiko ya bati yauzwayo sokoni.

Kutokana na matumizi hayo zimetoka semi ambazo kila mtu huzifahamu. Kitu cheusi husemwa kuwa ni cheusi kama mkaa. Jambo gumu lisiloshikika huitwa kaa la moto. Mtu amtiaye mwenzake katika matata kwa maneno yake husemwa kuwa amempalia makaa, kama vile apikaye wali apaliavyo makaa juu ya kifuniko cha chungu ili chakula kiive juu na chini. Semi hizi zote zimejengwa juu ya weusi wa kaa, joto lake na hatari yake. Hakuna hata moja ijengwayo juu ya wazo kwamba ndani ya kaa mna kitu kingine kisichoonekana, ambacho kimo pia katika mti, katika nyama, na katika pumzi ya mwanadamu. Wazo hilo halikutoka jikoni.

Katika karne ya 19 neno hili lilionyesha uwezo wake wa kupokea kitu kigeni. Meli za moshi zilipozidi katika bahari ya Hindi, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na safari za barua za meli za British India kuanzishwa mpaka Unguja mwaka 1872, kulikuwa na haja ya kuweka bandarini akiba ya kitu cheusi kilichochimbwa ardhini na kuletwa kwa meli kutoka nchi za mbali. Watu wa pwani hawakuazima jina lake. Waliona kinawaka kama makaa na kina ugumu wa jiwe, basi kikaitwa makaa ya mawe. Jina hilo latumika mpaka leo kwa makaa yachimbwayo Kiwira na Ngaka, na yaliyo katika ardhi ya Mchuchuma, kusini mwa Tanzania. Ni jina lililotungwa kwa kutazama, na limekidhi haja.

Sasa yafaa kurejea katika asili ya neno la pili. Warumi wa kale waliuita mkaa carbo, na kwa wingi carbones. Kutoka katika neno hilo Wafaransa walipata charbon, Waitaliano carbone, Wahispania carbón na Wareno carvão, na yote hayo hapo kwanza yalikuwa majina ya kitu cha jikoni na cha kiwanda cha mhunzi. Mchoma mkaa wa Italia aliitwa carbonaro. Warumi walikuwa na udogo wa neno hilo pia, carbunculus, yaani kijikaa, wakaliita kwalo kito chekundu king'aacho kama kaa la moto. Hata hapo, basi, maana ilikuwa ile ile iliyoko katika semi za Kiswahili: weusi, moto na wekundu wa moto. Kwa miaka mingi hakuna Mfaransa wala Mwitaliano aliyekuwa na neno la kaboni kwa maana ya leo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wazo lake.

Wazo hilo lilianza kutafutwa kwa kuuliza swali juu ya majivu. Waswahili husema kwamba moto huzaa jivu, nao husema kweli. Lakini daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, aliyefariki mwaka 1644, alitaka kujua moto huzaa nini kingine. Alichoma ratili 62 za mkaa wa mti wa mwaloni, akabakiwa na ratili 1 tu ya majivu. Ratili 61 zilikuwa zimekwenda wapi? Alijibu kwamba zimegeuka kuwa kitu kisichoshikika wala kufungika katika chombo, na kwa kuwa hapakuwa na jina la kitu kama hicho, alitunga moja kutokana na neno la Kiyunani chaos, akakiita gas. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Neno gesi, lisemwalo leo na kila mpishi wa mjini, lina asili yake katika mafikara ya van Helmont juu ya mambo kama mkaa ule.

Karne moja baadaye, katika miaka ya 1750, Joseph Black wa Scotland alionyesha kwamba hewa ya namna hiyo hutoka pia katika mawe ya chokaa yakichomwa, na kwamba hutoka katika pumzi za watu. Kisha Antoine Lavoisier wa Paris alifanya jambo lililowashangaza watu wa wakati wake. Mwaka 1772 alikusanya mwanga wa jua kwa kioo kikubwa juu ya almasi. Almasi ikaungua ikatoweka, nayo ikaacha hewa iliyoyatia weupe maji ya chokaa, kama ifanyavyo hewa ya mkaa. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alikamilisha hoja hiyo: alipima, akakuta kwamba almasi na mkaa wa uzito mmoja, vikiungua, hutoa hewa hiyo kwa kiasi kilicho sawa. Kito cha mfalme na mkaa wa maskini vilikuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo neno lilipohitajika. Kama kitu hicho kingeitwa charbon, yaani mkaa, ingelazimika kusema kwamba almasi ni mkaa, na kwamba ndani ya pumzi ya mtu mna mkaa, jambo ambalo masikio ya watu yasingelikubali, wala halikuwa kweli. Maana mkaa wenyewe si kitu safi, bali una majivu na vitu vingine ndani yake. Basi mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, katika kitabu chao cha kutengeneza upya majina ya kemia, waliirudia Kilatini wakatoa umbo jipya, carbone, ili charbon libaki jikoni na carbone liende maabara. Mwaka 1789 Lavoisier aliliweka neno hilo katika orodha yake ya vitu 33 visivyogawanyika. Waingereza walilipokea karibu wakati huohuo. Kwa hiyo neno kaboni, ingawa mzizi wake ni wa kale, ni neno lililotungwa kwa makusudi, na kusudi lake tangu mwanzo lilikuwa kutenganisha kitu na asili yake.

Lugha nyingine zilipokabiliwa na kazi hiyo hazikufuata njia moja. Wajerumani walichukua neno lao la makaa, wakaliongezea neno lenye maana ya kitu au dutu, wakapata Kohlenstoff. Waholanzi wakafanya vivyo hivyo na kupata koolstof. Warusi walisema uglerod, yaani kizaa-makaa. Wafini hawakuongeza chochote: hiili kwao ni mkaa na ni elementi pia, na msikilizaji huamua kwa mahali neno lilipo. Wachina walifanya jambo la pekee. Matamshi ya mkaa na ya elementi kwao ni yale yale, lakini katika maandishi elementi huongezewa alama ya jiwe ubavuni, hivi kwamba sikio halioni tofauti bali jicho ndilo huiona. Waarabu, ambao mkaa kwao ni fahm, waliazima karbun. Mifano hii yatosha kuonyesha kwamba kuazima si udhaifu, wala kutunga si ushujaa. Lililo la lazima ni tofauti iwepo, nayo ijulikane kwa watu wote wanaohusika.

Katika Kiswahili haja ya neno la namna hiyo yaonekana wazi mtu akitazama ardhi ya Tanzania. Shinyanga, katika Mwadui, mna almasi zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Jina almasi limetoka Kiarabu. Mahenge na Ruangwa mna madini ya kinywe, ambayo ni meusi, laini, na huacha alama juu ya karatasi. Kiwira mna makaa ya mawe. Na msituni mna tanuri la mchoma mkaa, aliyepanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akayaacha yaungue polepole kwa hewa haba. Majina haya manne, almasi, kinywe, makaa ya mawe na mkaa, hayana mnasaba hata kidogo kwa masikio ya msemaji, isipokuwa hayo mawili ya mwisho. Lakini vitu vyenyewe vyote ni vya elementi moja, safi katika almasi, na iliyochanganyika na vitu vingine katika mkaa. Hata kijiti cheusi kilicho ndani ya penseli ni elementi hiyo, ingawa Waswahili wa zamani waliiita penseli kalamu ya risasi, kosa ambalo Waarabu na Waingereza nao walilifanya katika lugha zao, kwa kuwa kinywe kilidhaniwa kuwa namna ya risasi. Bila neno la jumla hapangekuwa na njia ya kusema kwa ufupi kwamba vitu hivi ni ndugu. Neno hilo ni kaboni.

Umbo la neno laonyesha njia liliyoingilia. Kama lingepokewa kutoka Kifaransa au Kiarabu, ingetarajiwa kusikika r katikati yake, kuwe na karboni au karabuni. Kukosekana kwa r kunashuhudia kwamba lilipokewa kutoka kinywani mwa Mwingereza, ambaye huiandika r hiyo bila kuitamka, kama lilivyopokewa shati, kadi na chati. Irabu ya mwisho iliongezwa kwa kawaida ya Kiswahili. Neno hilo lilikuja na mizigo miwili, wa ofisini na wa shuleni. Ule wa ofisini ni karatasi ya kaboni, ambayo Ralph Wedgwood aliipatia hataza London mwaka 1806, na ambayo baadaye ilikwenda pamoja na mashine ya chapa katika kila ofisi. Makarani wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa mikono yao, kwa kuwa iliwachafua vidole. Kwao kaboni ilikuwa karatasi, na nakala iliyopatikana kwayo ikaitwa nakala ya kaboni. Mzigo wa pili, ule wa shuleni, ulikuja na kemia. Tangu mwaka 1967 masomo ya shule za msingi Tanzania yalifundishwa kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa; istilahi za sayansi zikahitajika kwa wingi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kwa njia kama hizo majina ya elementi yakawekwa katika utaratibu mmoja.

Jina ukaa lina historia nyingine. Halikuazimwa, bali limezaliwa na lugha yenyewe kwa kiambishi u-, kile kifanyacho utu kutokana na mtu, na ufalme kutokana na mfalme. Kama utu ni kile kimfanyacho mtu kuwa mtu, basi ukaa ni kile kilifanyacho kaa kuwa kaa. Ni vigumu kupata tafsiri bora kuliko hiyo ya wazo la Lavoisier. Herufi moja ya Kiswahili imefanya kazi ambayo Mjerumani aliifanya kwa neno zima. Lau kuwa ukaa lingeshikwa kuwa jina la elementi, pengine kaboni lisingehitajika nje ya ofisi. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Ukaa liliunganishwa na hewa: hewa ya ukaa, kisha kwa kufupisha hewa ukaa, na wengine huliandika hewaukaa. Kwa umbo hilo likawa jina la gesi itokayo katika pumzi na katika moto, ambayo wanakemia huiita dioksidi ya kaboni. Basi kaboni ikawa elementi, na ukaa likawa sehemu ya jina la gesi iliyo na elementi hiyo pamoja na oksijeni. Mgawanyo huu ni mzuri kama ukishikwa. Taabu ni kwamba haushikwi.

Taabu ya kwanza ni ya nyumbani. Mkaa ukiwaka mahali penye hewa ya kutosha hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Ukiwaka mahali palipofungwa hutoa pia gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu na kuzizuia kuchukua oksijeni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Kila majira ya baridi, katika nyanda za juu na mijini, husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, nao hawakuamka. Habari hizo husema mara nyingine kwamba wameuawa na moshi wa mkaa, na mara nyingine kwamba wameuawa na hewa ukaa. Maneno yote mawili yanapotosha. Aambiwaye kwamba kiuacho ni moshi huliacha jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huliingiza ndani akiamini kwamba limekuwa salama. Na ndipo hatari inapoingia pamoja nalo, maana makaa mekundu yasiyo na moshi yaendelea kutoa gesi ile. Naye aambiwaye kwamba ni hewa ukaa hukumbuka kwamba shuleni alifundishwa kuwa hewa ukaa ni pumzi itokayo puani mwake, akashangaa pumzi iueje. Lugha yenye neno moja kwa gesi mbili, moja itokayo kifuani na nyingine iuayo usingizini, haijatimiza wajibu wake kwa wasemaji wake.

Taabu ya pili ni ya mikataba. Tangu mwanzoni mwa karne hii ya 21 misitu ya Afrika ya Mashariki imeingia katika biashara mpya. Katika Taita Taveta, nchini Kenya, mradi wa Kasigau ulipata mwaka 2011 hati za kuuza upunguzaji wa gesi kwa kuzuia misitu isikatwe. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, wanavijiji hulinda mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, na Kenya ikairekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023. Katika maandishi rasmi ya Tanzania biashara hii huitwa biashara ya kaboni. Katika mazungumzo na katika magazeti huitwa pia biashara ya hewa ukaa, na mzaha wa vijijini husema kwamba watu wameanza kuuza hewa.

Mzaha huo una hekima kuliko udhaniwavyo, kwa kuwa wauliza kinachouzwa ni nini hasa. Mti hauna hewa ya kuuza. Mti huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake, hutenga kaboni, huijenga kuwa shina, tawi na mzizi, na hutoa oksijeni. Kilicho ndani ya gogo, basi, ni kaboni, na ndiyo itokayo tena kwa umbo la gesi gogo likigeuzwa mkaa na kuchomwa. Lakini hati zinazouzwa hazihesabu kaboni. Huhesabu tani za gesi ambayo haikuingia angani, yaani tani moja ya hewa ya ukaa, au kiasi cha gesi nyingine chenye nguvu sawa nayo ya kuzuia joto. Na vipimo hivi viwili haviko sawa. Uzito wa chembe ya kaboni ni 12; uzito wa molekuli ya hewa ya ukaa, pamoja na oksijeni yake, ni 44. Kwa hiyo kila tani ya kaboni iliyo katika miti ni sawa na tani 3.67 za hewa ya ukaa. Msitu wenye tani 1,000 za kaboni hubeba kiasi cha tani 3,667 za gesi hiyo. Mkataba uandikao kaboni mahali pamoja na hewa ukaa mahali pengine, kana kwamba ni visawe, umeacha mlango wazi wa kutofautiana kwa hesabu karibu mara nne, na atakayepungukiwa ni yule asiyejua kwamba maneno hayo yana maana mbili. Wafaransa wale wa mwaka 1787 walipotenga charbon na carbone hawakuwa na habari ya soko kama hili. Lakini tofauti waliyoilinda ni ya aina hii hii, baina ya kitu kilichomo na kile kinachokibeba.

Kutokana na hayo yote, utaratibu ufaao wajidhihirisha wenyewe, nao hauhitaji neno jipya hata moja. Mkaa, makaa na kaa yabaki kuwa majina ya vitu vishikwavyo kwa koleo, na tofauti ya Kenya na Tanzania iachwe, maana haimdhuru mtu. Makaa ya mawe yaendelee kuwa makaa ya mawe, na kinywe kiendelee kuwa kinywe. Kaboni iwe jina la elementi, popote ilipo, katika almasi au katika mkoko. Hewa ya ukaa iwe jina la dioksidi peke yake. Monoksidi ya kaboni itajwe kwa jina lake katika shule, hospitali na redio, na pale jina hilo liwapo zito kwa msikilizaji, ielezwe kwa maneno ya wazi kuwa ni gesi ya sumu itokayo katika mkaa hata usipotoa moshi. Na mkataba wowote uandikwao kwa Kiswahili utaje mwanzoni kipimo chake: tani za kaboni au tani za hewa ya ukaa.

Kazi hii ina haraka yake. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati hiyo. Ukitimia, watoto wengi watakua bila kupuliza jiko la mkaa wala kushika kaa kwa koleo. Watalijua neno kaboni kwa hesabu za misitu kabla ya kulijua kwa joto lake, na mwalimu atakayetaka kuwaeleza maana ya ukaa atalazimika kwanza kuwaeleza kaa. Itafaa wakati huo wayakute katika kamusi maneno haya yote mawili, kila moja na kazi yake.